Anemoni ya Juu ya Mianzi: hotuba kwa wapenda mimea wa Nairobi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu, wanafunzi wa botania, na nyinyi waongozaji wa watalii mlioacha kazi zenu Naro Moru na Nanyuki mkateremka hadi Nairobi: hamjambo nyote. Asanteni kwa kunialika.

Niliombwa nizungumze juu ya maua ya milimani kwa jumla. Nimeomba ruhusa nizungumze juu ya moja tu. Ukisema maua mia katika saa moja, msikilizaji anatoka na orodha, na orodha haimfanyi mtu aupende mmea. Nimechagua mmea mdogo unaoota juu ya mianzi, mahali ambapo wengi wetu hupita macho yakiwa kwenye kilele. Kitaalamu unaitwa Anemone thomsonii. Mimi nitauita anemoni.

Ninalotaka kusema ni hili: mmea huu na mahali unapoota ni kitu kimoja. Kila kiungo chake kimeumbika kwa ajili ya usiku wa jalidi na mchana wa jua kali, kwa hiyo hatuwezi kuuokoa kwa kuuhamisha. Tukipoteza nyasi za juu ya mlima, tumeupoteza.

Tuanze na mahali penyewe. Ukitoka hapa mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ukaiacha barabara kuu ya Nakuru pale Flyover na kushika njia ya Njabini, unapita kwanza mashamba ya viazi na kabichi. Milima ya Nyandarua, ambayo kwenye ramani nyingi bado imeandikwa Aberdare, iko mbele yako. Ukiingia hifadhini na kupanda, msitu unakupokea, kisha mianzi iliyosongamana. Mianzi ikianza kuachia unakuta miti ya hagenia yenye magome yanayobanduka na matawi yenye ndevu za kijivu. Halafu miti inakwisha na mbingu inafunguka. Mbele yako ni nyasi, lakini si nyasi za Uhuru Park. Hizi huota kwa mashungi, kila shungi likisimama peke yake, majani makavu ya miaka iliyopita yakiwa bado yamelizunguka. Kati ya mashungi kuna udongo mweusi wenye unyevu, vichaka vya erika, mito midogo isiyo na kelele. Ni hapo, kati ya mita 3,000 na 4,000 hivi, anemoni inapoota. Utaikuta Nyandarua, utaikuta Mlima Kenya, na majirani zetu wanayo Kilimanjaro.

Sasa tuinamie mmea. Nasema tuinamie kwa sababu ni mfupi, na asiyeinama haoni kitu. Majani yake karibu yote yanatoka chini, kwenye shina nene na gumu lililozikwa ardhini. Kila jani limegawanyika, kisha vipande vyake vimegawanyika tena, mpaka ncha zake ni nyembamba. Katikati kinapanda kikonyo, na juu ya kikonyo kuna ua moja. Ndani ua ni jeupe. Mgongoni lina rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Likifumba laonekana jekundu-jekundu, likifunguka ni jeupe. Watu wawili wanaweza kupita njia ile ile, mmoja alfajiri na mwenzake saa tano, na kila mmoja akaapa ameona ua tofauti.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataniuliza lina petali ngapi. Halina hata moja. Katika anemoni zote, kile tunachokiona kama petali ni sepali. Kwenye mimea mingi sepali ni vile vijani vya kijani vinavyofunika chipukizi la ua kisha vinabaki nyuma. Hapa sepali zimechukua kazi zote mbili: usiku zinafunika, mchana zinapamba. Nafasi ya walinzi imejazwa na vijani vingine vilivyozunguka kikonyo chini ya ua. Ukivitafuta vijani hivyo utaijua anemoni popote duniani, na spishi za jamii hii ni zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa kaskazini mwa dunia.

Ndani ya sepali kuna duara la stameni nyingi, yaani vijiti vinavyobeba chavua, na katikati kabisa fungu la ovari, vifuko vya mbegu, ndogondogo zisizoungana. Kila moja hutoa tunda kavu lenye mbegu moja. Wataalamu huona katika mpangilio huo, ambapo kila kiungo kimesimama peke yake bila kuungana na mwenzake, umbo la zamani katika historia ya mimea ya maua.

Anemoni nyingi hazina nekta. Hulipa wageni kwa chavua, ndiyo maana stameni ni nyingi kiasi hicho. Na kadiri unavyopanda mlima, nyuki hupungua na nzi huongezeka. Tumezoea kuwadharau nzi. Kule juu, wao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi ya uchavushaji, na ua pana lililo wazi linawafaa: wanaweza kutua bila ufundi wowote, wakaota jua, wakala, wakaondoka na chavua mwilini.

Nifungue mabano kidogo hapa kwa ndugu zangu wa Pwani. Mkidhani mmea huu ni mgeni kwenu, kumbukeni habasoda. Ile mbegu nyeusi mnayoinyunyiza juu ya mkate inatokana na Nigella sativa, ambayo ni ya familia hii hii ya Ranunculaceae. Wa familia hiyo pia ni klematisi inayotambaa juu ya vichaka vya kandokando ya barabara huku bara, yenye mbegu za manyoya meupe, na delfinio yetu ya nyanda za juu, Delphinium macrocentron, yenye rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani ambayo sijaona mfano wake katika ua jingine.

Lakini ndugu wa habasoda si wote wa kuliwa. Naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa mnaotembea na watoto. Majani mabichi ya anemoni yana kemikali iitwayo ranunkulini. Jani likiwa zima, haina neno. Likipondwa au kutafunwa, vimeng'enya vya mmea huigeuza kuwa protoanemonini, na hiyo huwasha, hubabua ngozi, na huchoma mdomo na tumbo. Mnyama akionja mara moja, hujifunza. Mmea ukikauka, sumu hiyo hubadilika tena kuwa kitu kisicho na makali. Basi msionje, msisugue kwenye kidonda, na mtu asiwaambie kwamba kila kinachoota mlimani ni dawa.

Turudi kwenye baridi, maana hapo ndipo penye uhondo wa habari hii.

Joto hupungua kiasi cha nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Usiku ambao Nairobi ina nyuzi 15, mita 4,000 juu patakuwa na nyuzi moja hivi hewani. Mbingu ikiwa safi, ardhi yenyewe inapoteza joto haraka kuliko hewa, na inaganda. Kesho yake saa nne jua la ikweta linapiga kwa nguvu zote, kwa kuwa hewa ni nyembamba na miale ya urujuanimno haina wa kuizuia. Mtaalamu wa Uswidi, Olov Hedberg, aliyeichunguza mimea ya milima yetu kuanzia mwaka 1948, alieleza hali hii kwa kusema kwamba kule ni kiangazi kila mchana na ni majira ya baridi kila usiku. Sijasikia maelezo mafupi yaliyo bora zaidi.

Fikirini maana yake kwa mmea. Anemoni za Ulaya zinapumzika chini ya ardhi miezi yote ya baridi, kisha zinatoka mara moja kwa mwaka. Kuna ile nyeupe ya misituni, Anemone nemorosa, ambayo huharakisha kuchanua kabla miti haijapata majani na kuifunika. Ina kalenda. Yetu haina kalenda hiyo. Siku za ikweta zina urefu ule ule mwaka mzima, na baridi haiji kwa msimu bali kwa saa. Anemoni yetu inapaswa kuishi mwaka mzima kila siku moja.

Ndiyo maana ua hufumba. Joto likipanda, upande wa ndani wa sepali hukua kasi kidogo kuliko wa nje, na ua linafunguka. Baridi ikirudi, upande wa nje ndio unaotangulia, na ua linajifunga. Chavua inabaki kavu, na ovari haziguswi na jalidi moja kwa moja. Ndiyo maana pia majani yanakaa chini, kati ya mashungi ya nyasi. Yale majani makavu ya nyasi ambayo mgeni huyaona kuwa takataka hufanya kazi ya blanketi: chini yake usiku si mkali kama mahali palipo wazi. Nyasi hizo zikiondolewa, anemoni inabaki uchi.

Kuna adui mwingine ambaye wapagazi na waongozaji mliopo hapa mnamjua, kwa sababu asubuhi mnamkanyaga na mnasikia anavyovunjika chini ya buti. Ni sindano za barafu. Usiku maji yaliyo udongoni huganda na kuchomoza juu kama nywele ngumu, yakinyanyua udongo, changarawe, na chochote kilichoota juujuu. Jua likitoka sindano zinayeyuka, na udongo unaanguka. Mche wenye mizizi mifupi hung'olewa hivyo usiku baada ya usiku mpaka unakauka. Mmea mkubwa wa anemoni una lile shina lililozikwa, umeshika ardhi, hauna wasiwasi. Mche mchanga ndio unaokufa. Na mbegu za familia hii nyingi huanguka kiinitete kikiwa bado hakijakomaa, zinahitaji muda udongoni kabla ya kuota. Kwa hiyo kila anemoni mnayoiona imechanua ni moja iliyobahatika kati ya nyingi. Mkiikanyaga leo, msitarajie nyingine pale baada ya mvua zijazo.

Mahali pa namna hii ni kisiwa. Kati ya Nyandarua na Mlima Kenya kuna uwanda wa Nyeri, wenye joto, mashamba na miji, ambao mmea wa jalidi hauwezi kuuvuka kwa miguu. Kati ya Mlima Kenya na Kilimanjaro kuna nyika kavu kabisa. Zama za barafu zilipofikia kilele, miaka kama 20,000 iliyopita, mikanda ya mimea iliteremka sana na visiwa hivi vikawa vikubwa na kukaribiana, lakini kwa sehemu kubwa havikugusana. Jamaa wa karibu wa anemoni yetu hawako Ulaya kama watu wa zamani walivyodhani. Wako kusini mwa Afrika, kwenye milima ya Drakensberg na maeneo ya Rasi ya Tumaini Jema, na wapo wataalamu ambao kwa sababu hiyo wanaiweka yetu katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu, na hao wa kusini, Knowltonia. Mimi naiona hoja yao kuwa ya haki. Mmea huu ni wa Afrika tangu nyumbani kwake.

Sasa hilo jina thomsonii. Joseph Thomson, kijana wa Uskoti, alivuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884 kwa niaba ya Royal Geographical Society ya London. Njiani alikusanya mimea katika nyanda zetu za juu, ikapelekwa kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, na huko mtaalamu wa mimea Daniel Oliver akaipa majina. Swala tomi amebeba jina lake hadi leo, na hata Kniphofia thomsonii, lile ua la mlimani lenye rangi ya moto. Simnyimi Thomson sifa yake. Aliona, akaokota, akakausha. Ila msafara wake ulitokea Pwani, na uliobeba kila kitu ni mabega ya wapagazi. Karatasi za kukaushia mimea zilifika salama kwa sababu kuna watu walizibeba kwenye mvua na kwenye matope bila kuziacha zilowe. Hakuna mmea niujuao uliopewa jina la mmoja wao. Waongozaji na wapagazi mlioko hapa ndio warithi wa kazi ile, na bado mnaona kwa mwaka mmoja zaidi ya anachoona profesa katika maisha yake.

Hapa Nairobi tuna hazina ambayo wakazi wengi wa mji hawajui kuwa ipo. Pale Museum Hill, kwenye Makumbusho ya Taifa, kuna Hebaria ya Afrika Mashariki. Ilianzia Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Ndani yake kuna mamia ya maelfu ya mimea iliyokaushwa, kila mmoja umebandikwa kwenye karatasi na kuandikwa ulipookotwa, lini, na kwa mwinuko gani. Mtu anaweza kuyaona ni majani makavu. Lakini maneno yale, mahali na mwinuko, ndiyo yanayotuwezesha kuuliza swali kubwa la wakati wetu: mimea ya milimani imepanda kiasi gani tangu enzi za babu zetu?

Kwa maana joto linapanda, na mmea wa baridi hauna njia ila kulikimbia kwa kupanda. Hebu tazameni milima yetu kwa jicho hilo. Kilele cha juu cha Nyandarua, Satima, kina mita 4,001. Anemoni inayoota kwa mita 3,700 huko ina mita 300 tu za kukimbilia, na kadiri mlima unavyopanda ndivyo ardhi inavyokuwa finyu. Mlima Kenya unafika mita 5,199 pale Batian, lakini ukishapita mita 4,500 hivi, kinachobaki zaidi ni mawe na changarawe. Barafu ya Lewis, ambayo wazee walioupanda mlima ujanani waliikuta pana, imebaki vipande, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetabiri kwamba barafu za Mlima Kenya zinaweza kutoweka kabisa katika miaka ya 2030. Magazeti yanaipigia kelele barafu, na ni sawa. Ninaomba tu sauti hiyo hiyo itolewe kwa ajili ya nyasi zilizo chini yake.

Kinachonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni moto. Joto linakuja polepole. Moto unakuja Jumapili moja mchana. Machi 2012 moto ulichoma sehemu kubwa ya nyasi na erika za Mlima Kenya, na si wa kwanza wala wa mwisho. Erika ina mafuta, inashika moto ikiwa mbichi. Mashungi ya nyasi yamejaa majani makavu. Moto mmoja hafifu, wa miaka mingi, anemoni yenye shina chini ya ardhi inaweza kuuvumilia na kuchipua tena. Mioto inayofuatana haiachi blanketi juu ya udongo, na sindano za barafu zinapata uwanja mtupu. Chanzo mara nyingi ni binadamu: mrina asali aliyeacha kijinga cha moto kinawaka, jangili, mtalii aliyewasha moto wa kuota mahali pasiporuhusiwa. Ua wa umeme unaozunguka Nyandarua, wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, umefanya kazi kubwa sana ya kuzuia wakata miti na kuwatenganisha tembo na mashamba. Nawapongeza waliouhangaikia miaka mingi. Lakini ua hauzuii cheche.

Na kama kuna mkazi wa Nairobi anayeona habari hizi ni za mbali, afungue bomba lake. Maji ya Ndakaini na Sasumua, yanayonywesha sehemu kubwa ya mji huu, yanatoka Nyandarua. Udongo ule mweusi kati ya mashungi, anapokaa rafiki yetu mweupe, ndio unaopokea mvua na ukungu na kuyaachia maji polepole hadi mwezi wa kiangazi.

Baada ya hotuba niliulizwa maswali, na mawili yanafaa kuandikwa.

Mama mmoja aliuliza kama anaweza kupanda anemoni hii kwenye bustani yake Limuru, kwa kuwa huko ni baridi. Nilimjibu kwa upole kwamba Limuru ni baridi kwa mtu, si kwa anemoni. Iko zaidi kidogo ya mita 2,000, haina jalidi ya kila usiku, na magugu ya kawaida yataumeza mmea kabla haujajishikiza. Zaidi ya hayo, kung'oa mmea katika hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa la kisheria. Akitaka anemoni ya bustani, ile nyekundu ya nchi za Mediterania, Anemone coronaria, imezoea vyungu na huuzwa na wauza maua.

Kijana wa Naro Moru aliuliza yeye afanye nini, maana hana shahada. Nilimwambia apige picha tatu kila anapoikuta: uso wa ua, mgongo wake, na jani moja la chini. Aandike tarehe, mwinuko unaoonyeshwa na simu, na kama mahali hapo pamewahi kuungua. Apeleke rekodi hizo kwa wahifadhi wa hebaria pale Makumbusho. Aanze na njia anayopita kila wiki, si na mahali papya, kwa sababu thamani ya rekodi iko katika kurudi pale pale. Aliniuliza kama anaweza kuwashirikisha wenzake wa njia ya Chogoria na ya Sirimon. Nikamwambia awapigie simu usiku ule ule.